Mpira Ukitoka, Piga Nyundo

Naandika haya nimesimama. Karatasi iko juu ya friji, na kila nikimaliza mistari miwili mitatu natembea hadi getini, nachungulia barabarani kama vile kuna gari limekuja kunichukua, halafu narudi. Mke wangu anasema nikiendelea hivi sakafu itatoboka. Siku ya kwanza ya kustaafu nilijilazimisha kukaa kwenye kochi asubuhi nzima. Mchana nikapata homa ambayo ingeua ng'ombe. Daktari hakuona kitu. Mie nilijua ugonjwa: mwili ulikuwa unatafuta uwanja.

Rehema, binti aliyerithi kamera yangu, ndiye aliyeniomba niandike. "Mzee, tuachie hata kurasa chache tujue nyie mlikuwa mnafanyaje." Haya. Vyeo sitavigusa, vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na vikao. Nitaandika namna ya kupiga picha mpira wa shule za sekondari kwa ajili ya televisheni, katika viwanja visivyo na ukuta, visivyo na viti na, siku nyingine, visivyo na magoli.

Nilianza kama mvuta waya wa kamera. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima na ndevu zangu, nikikaa dawati moja na dada muuza genge na askari mgambo. Kwa hiyo shule zote nilizokuja kuzipiga picha ni shule ambazo mie sikuwahi kuzisoma mchana. Labda ndiyo maana nilizipenda.

Siku yangu ya kwanza kushika kamera ilikuwa Temeke, kwenye kiwanja cha mchanga ambako mpira ukidunda hauinuki, unazama. Mpiga picha wetu mmoja alikuwa na malaria, na bosi wangu, Mzee Kibwana, akaniambia nishike nafasi yake. Mzee Kibwana alikuwa mwenyeji wa hukohuko Temeke, kofia kichwani mvua au jua, mtu wa maneno machache na yote makali. Kamera yenyewe ilikuwa nzito kama mtungi mkubwa wa gesi uliojazwa leo asubuhi. Nikaisimika pembeni ya mstari, karibu kabisa na wachezaji, nikijiona mjanja.

Sasa, nyie mliozoea viwanja vya ligi kubwa hamlijui hili: mashabiki wa mpira wa shule hawakai. Wanahama na mpira. Mpira ukienda kushoto, shule nzima inakimbilia kushoto na ngoma yao. Ukienda kulia, wote kulia, na mwalimu wa zamu nyuma yao na fimbo. Mie nilikuwa chini, pale pale wanapopita. Nilipiga picha kipindi kizima cha migongo. Goli lilifungwa, nikalisikia.

Mzee Kibwana akaitazama kazi yangu mpaka mwisho bila kupepesa. "Umepata mashati mazuri sana," akasema. "Fundi cherehani akiona atafurahi." Halafu akanipa somo ambalo nimelibeba hadi leo. "Mpira wa shule hauna uwanja. Una nafasi ya kamera. Tafuta nafasi kwanza, mechi utaikuta."

Tangu hapo maisha yangu yakawa ya kupanda. Nimepiga picha juu ya tangi la maji, juu ya lori la mchanga ambalo dereva alikuwa na haraka, juu ya paa la choo cha walimu. Mechi ya wiki ilichezwa Jumamosi, lakini mie tangu Jumatatu sikutulia, nazunguka vitongojini nimeinua shingo kama twiga anayetafuta chumba cha kupanga. Hata harusini niliangalia kwanza kona ipi ina mwinuko.

Mzee Kibwana alinifundisha mengine mawili. La kwanza, jicho moja liwe ndani ya kamera na jingine liwe wazi nje, maana hatari inayokuja haiko kwenye picha. Hadi leo nalala na jicho moja wazi, mke wangu ni shahidi. Kiwanja kimoja cha Bunju kilikuwa na njia ya watu iliyokata eneo la penalti, na njia ilikuwepo kabla ya mpira. Wakati wa kona, mama mmoja akapita zake na beseni la mihogo kichwani. Kipa akampisha. Mwamuzi akampisha. Mtangazaji wetu, kwa kukosa la kusema, akawaambia watazamaji ni mabadiliko ya wachezaji. Jicho langu la nje lilikuwa limemwona tangu mbali, ndiyo maana nilimpata vizuri, beseni na yote.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Mie mguu wangu wa kulia hautulii. Nikisimama unacheza, nikikaa unacheza, na nikiwa juu ya jukwaa la mbao, jukwaa lote linacheza nao na picha inatikisika. "Mguu," Mzee Kibwana alikuwa akiniambia kwenye hedifoni, neno hilo moja tu, mechi nzima. Ndiye aliyenipa jina la Tetemeko, na likanigandia mpaka karibu liandikwe kwenye kitambulisho. Goli likifungwa ndiyo kabisa, nilitaka kuruka. Akanikataza. "Goli si lako. Wewe ukishangilia, picha inashangilia, na mtu aliye nyumbani haoni kitu. Wewe kaa kimya, mwenzio afurahi." Basi nikajifunza kunyamaza. Nimeona magoli mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na sikushangilia hata moja.

Vifaa vyetu mngevicheka. Kamera ikichemka kwa jua tuliivika khanga iliyoloweshwa maji, na khanga zote zilitoka kabatini kwa mke wangu, kwa hiyo kila mechi ilikuwa na ujumbe wake. Vumbi la kwenye stendi ya kamera nililisugua kwa mswaki. Upepo ukizidi, nilining'iniza mfuko wa mchanga chini ya stendi. Temeke mchanga wenyewe uko miguuni, huendi mbali.

Halafu mji ukaanza kukua kuelekea Tegeta, Goba na Bunju, na mie nikapata neema. Mapagale. Kila kilima kilikuwa na nyumba iliyoishia kwenye lenta, mwenyewe anatafuta nguvu, nyasi zinaota sebuleni. Kwa mtu wa kawaida hilo ni pagale. Kwa mpiga picha ni mnara. Unaomba ruhusa, unafunga mirunda na mbao kuwa jukwaa, unakaa juu ya ukuta na kiwanja chote kiko chini yako kama sinia. Taabu ni kwamba watu wanajenga. Kila mwaka nyumba zikiezekwa mie nilipoteza nafasi. Jirani akifurahi amehamia, mie nimefiwa.

Pagale bora kuliko yote duniani lilikuwa Goba. Lilikuwa la Mama Tumsifu, mwalimu wa shule ya msingi, Mpare wa Same, mjane, aliyejenga polepole kama mtu anayesuka mkeka. Goba ni milima, na nyumba ile ilikaa juu ya msingi wa mawe mrefu kuliko mtu, ikatazama kiwanja cha shule kwa chini, jua la jioni likiwa mgongoni mwetu. Misimu kadhaa alituachia tukae pale. Sharti lake moja: tusiache chupa za maji. Jumamosi alikuwa anakuja na madaftari ya wanafunzi wake, anakaa kwenye kivuli cha ukuta, anasahihisha huku mechi ikiendelea.

Sasa mwaka mmoja mkuu wa vipindi akatuita. Akasema fainali ya shule itachezwa Goba na itarushwa mubashara. Ikienda vizuri, kipindi kinabaki. Ikiharibika, mpira wa shule basi, na sie wa viwanjani tunahamia studio.

Nyie mnaopenda studio mnisamehe. Studio ni chumba cha baridi ambamo kamera iliyokaa inamtazama mtu aliyekaa, anayezungumza na mtu mwingine aliyekaa. Niliwahi kuazimwa huko mara moja. Mgeni akakatiza maneno yake katikati, akauliza kama kuna panya chini ya sakafu. Ulikuwa mguu wangu. Mtu kama mie ukimpeleka studio umemfunga, tena bila kosa. Wiki ile sikulala. Nilitembea ndani ya nyumba mpaka jirani akauliza kama tuna mgonjwa.

Jumamosi ya fainali nikafika Goba mapema, na kabla sijaliona pagale nikasikia nyundo.

Kenchi za paa zilikuwa zimesimama tayari, mabati yamepangwa ukutani, na juu kabisa alikuwa Fundi Chande na vijana wake, misumari mdomoni. Mbaya zaidi, kenchi wamezifungia kwenye mirunda ya jukwaa letu, kwa sababu fundi ni mtu wa kutumia kilichopo. Ukuta wa mbele tu, ile pembetatu iliyo chini ya paa, ndio ulikuwa bado wazi kuelekea kiwanjani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Umewahi. Na fundi naye amewahi. Namtafuta tangu masika, leo ndiyo kaja."

"Mwalimu, leo ni fainali."

"Najua ni fainali. Na mie leo nahama." Akanishika mkono akanipeleka ndani. Chumbani, chini ya mbingu tupu, kulikuwa na kitanda, kabati, cherehani na godoro lililofungwa kwa khanga. "Mwenye nyumba wangu kaozesha mwanawe, chumba changu kapewa mkwe. Mabati haya yamelala kwa dada yangu Kimara mpaka watoto wakayageuza ngoma. Nikimteremsha fundi leo, kesho yuko Kibaha. Na mvua ile unaiona."

Niliiona. Wingu lilikuwa limekaa upande wa Bunju, jeusi kama sufuria la msibani.

Fundi Chande akanitazama kutoka juu. "Braza, niambie kitu kimoja. Nishuke au nipige?"

"Piga mmoja tu, nione."

Nikaisimika kamera jukwaani, nikavaa hedifoni, naye akapiga msumari mmoja. Hapohapo kwenye hedifoni nikamsikia Devota, dairekta wetu aliyerithi kiti cha Mzee Kibwana, ambaye alikuwa chini ndani ya gari la matangazo. "Kaka Tetemeko. Mguu."

"Siyo mguu. Ni paa."

"Paa linahusiana nini na mpira?"

Nikamweleza. "Chagua nafasi nyingine," akasema.

Nafasi nyingine haikuwepo. Chini ni migongo. Ng'ambo ya kiwanja ni bonde. Nikaanza kutembea juu ya zile mbao, nenda rudi, nenda rudi, mpaka Fundi Chande akaniomba nitulie, eti namtikisia kenchi. Nikaona dunia imeisha: hata fundi paa analalamika.

Mama Tumsifu ndiye aliyetuokoa. "Hebu nisikilizeni," akasema, kwa sauti ile ya darasani. "Mie nasahihisha madaftari hapa kila Jumamosi. Mpira ukitoka nje upande wa bondeni, namaliza daftari zima kabla haujarudi. Sasa fundi, mpira ukiwa ndani, nyundo chini. Mpira ukitoka, piga."

Na kweli. Kiwanja kile kililala upande kama meza iliyokatwa mguu. Mpira ukivuka mstari wa chini ulikuwa unaporomoka, unapita migomba, unaingia kwenye makorongo, na anayeufuata anarudi anahema kama kakimbia kutoka Bagamoyo. Tukakubaliana: nikiinua mkono, wapige, nikishusha, kimya. Devota, nikimwambia tu kwenye hedifoni kwamba umetoka, akimbilie kamera ya chini, ile ya pembeni ya mstari, aonyeshe benchi na ngoma.

Mechi ikaanza, kijani na njano. Beki wa njano, jezi namba tatu, kijana wa miguu minene, alikuwa na dawa moja tu ya hatari: kuupiga mpira bondeni. Kila alipoguswa, bondeni. Naye akiupiga, mkono wangu juu, na paa lote linalia ka-ka-ka-ka, bati zima linafungwa kabla mpira haujapanda kilima.

"Yule namba tatu ni mtoto wa nani?" Fundi Chande akauliza.

"Sijui."

"Wazazi wake wabarikiwe. Anatuezekea nyumba."

Kocha wa njano alikuwa anamfokea asiupoteze mpira, na juu ya paa mafundi wanamwombea aendelee. Hadi mapumziko, nusu ya nyumba ilikuwa na kofia, na mapumziko yenyewe wakapiga mfululizo. Mama Tumsifu akatuletea chai na mihogo, akapanda ngazi mwenyewe. Nilianza kuamini kwamba studio nitaisikia kwenye redio.

Kipindi cha pili kocha akamtoa namba tatu.

"Kocha huyu hajawahi kujenga," akasema Fundi Chande.

Na mpira ukagoma kutoka. Sijawahi kuona mpira mzuri namna ile kwenye mashindano ya shule, nawaapia. Pasi zilikuwa zinapita kama zimefungwa kamba. Hakuna aliyefunga, hakuna aliyeutoa nje. Fundi Chande na vijana wake wamechuchumaa juu ya kenchi, nyundo mikononi, kama ndege waliolowana. Yalibaki mabati mawili, na yote mawili yalikuwa ya juu ya kile chumba.

Tone la kwanza likanipiga shingoni.

Nikaangalia chini kwa lile jicho la nje. Mama Tumsifu alikuwa amesimama chumbani, ameshika mwavuli mmoja juu ya godoro, yeye mwenyewe ananyeshewa. Aliinua uso tu, akanitazama kutoka chini ya lile tundu la paa. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Kwenye hedifoni Devota akasema, "Kijani anakuja, kaka. Usimwachie huyo."

Kijana wa kijani alikuwa anapanda na mpira pembeni, ameshampita mmoja. Mpira uko ndani kabisa. Jicho la kamera linaona kipindi chetu, jicho la nje linaona godoro. Mkono ukapanda wenyewe.

"Mpira haujatoka," akanong'ona Fundi Chande.

"Piga."

Wakapiga wote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wamefungwa mdomo mwaka mzima. Bati likalia, kenchi zikalia, jukwaa likacheza, na mie nimeing'ang'ania kamera kama mtu aliyeshika mbuzi wa sikukuu. Kijana akaingia ndani, akampita wa pili, akapiga. Goli. Shule nzima ikamwagika uwanjani, picha inatikisika kuanzia mguu wa kijana mpaka wavu mpaka ngoma, na mvua ikafunguka.

"Kaka," Devota akasema polepole. "Huko kumetokea nini?"

"Goli."

"Goli nimeliona. Nauliza nchi ilikuwa inatikisika nini?"

Nilikuwa nahesabu moyoni siku za uhuru zilizobaki. Fundi Chande alipiga msumari wa mwisho wakati wanacheza dakika za nyongeza, na godoro lililowa pembe moja tu, upande wa miguu. Kijani wakachukua kombe. Mie nikafunga waya zangu bila kuongea na mtu, na kwa mara ya kwanza maishani mguu wangu ulitulia. Uliogopa.

Jumatatu mkuu wa vipindi akatuita. Tukaingia na Devota tumejiandaa kufa. Alikuwa na goli lile kwenye runinga yake, analirudia. Watu walikuwa wamepiga simu, akasema. Wameona ardhi inatetemeka kwa kelele za wanafunzi, hawajawahi kuona mpira ulio hai namna hiyo. "Huu mtikisiko mmeutengenezaje? Mmetumia mtambo gani?"

"Nyundo," akasema Devota.

Mkuu akacheka, akidhani ni utani. Kipindi kikabaki. Kwa misimu miwili iliyofuata alituomba tutikise na magoli mengine, na sie tukamwambia mtambo umeharibika.

Nilirudi Goba wiki ile kushukuru na kufungua jukwaa. Nilijua fundi wa matofali atakuja kuziba ile pembetatu ya mbele, na nafasi yangu bora duniani itakuwa imezikwa. Nikamkuta Mama Tumsifu anabishana na fundi huyo. Fundi anasema dirisha juu pale halina maana, litaingiza mvua, litaingiza popo, na hakuna chumba. Mama Tumsifu anasema chumba kitakuwepo, atatandika mbao juu ya dari.

"Mwalimu, dirisha la nini huko juu?" nikauliza.

"Wewe ulinyanyua mkono mpira ukiwa ndani," akasema. "Mie pia nilikuwa nautazama mpira, kwenye dirisha la chumbani."

Hilo ndilo dirisha mnalolitumia nyie hadi leo. Siyo la kampuni, siyo la shule. Linaingiza mvua kila mwaka, na mwenyewe anafuta. Mkiondoka, msiache chupa.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kuvumilia nyumbani, nikaenda. Mama Tumsifu siku hizi anatembelea fimbo, ila chai yake haijazeeka. Nikapanda ngazi, nikamkuta Rehema dirishani, jicho moja ndani, jingine nje, ametulia kama mwenye nyumba. Nikakaa kwenye kigoda nyuma yake, nikajiambia nimekuja kama mgeni tu. Mpira ukaenda kushoto, shingo yangu kushoto. Mikono yangu ikawa inazungusha kamera ambayo haipo.

"Mzee," akasema Rehema bila kugeuka.

"Naam, mwanangu."

"Mguu."

Nikatazama. Ulikuwa unazitwanga zile mbao kama unadai kitu. Nikaushika kwa mikono miwili, haukukoma. Basi nikainuka, nikashuka ngazi, nikateremka kilima hadi kwenye mstari, mahali ambapo sikuwahi kusimama tangu ile siku ya Temeke. Wanafunzi wakanipitia kushoto, nikaenda nao. Wakarudi kulia, nikarudi nao, mwalimu wa zamu nyuma yetu na fimbo, na nusura anichape mie. Sikuona chochote isipokuwa migongo. Goli likafungwa, nikalisikia.

Kwanza nilinyamaza, kwa mazoea. Wenzangu walishamaliza kuruka, mpira unarudishwa katikati, ndipo sauti ikanitoka. Nadhani Kibaha waliisikia.

Asubuhi yake nikatazama marudio. Rehema alinipata vizuri: mzee mmoja, kofia mkononi, anaruka peke yake pembeni ya kiwanja wakati kila mtu ametulia. Picha haitikisiki hata kidogo. Nikampigia simu nikamwambia ukweli, maana kazi ni kazi: kamera yake ilinikalia mno. Mpira ulikuwa umeshaanza.